Papa Sylvestre na Misa Mia Tatu na Arobaini

Ijumaa tarehe 27 Juni 2025, Papa Sylvestre Udaga anastaafu baada ya kuitumikia televisheni yetu hapa Bunia kwa miaka ishirini na moja. Mkurugenzi ameniagiza niandike wasifu wake kwa ajili ya programu ya sherehe na niukabidhi leo Jumatano kabla ya saa sita mchana. Nitachelewa, na wa kulaumiwa ni mstaafu mwenyewe. Tangu asubuhi anapita nyuma ya kiti changu, anakwenda na kurudi, na ni vigumu kumsifu mtu anayekutikisia meza.

Alitoka Mahagi akiwa fundi wa redio, akaingia kwetu mwaka 2004. Tulipokuwa tunarekodi kwenye kaseti, kaseti zote zilikuwa mikononi mwake. Baadaye kompyuta zilipokuja, kazi yake ikawa kubadilisha video za zamani ziwe za aina inayokubaliwa na mashine za sasa. Kwa wasioijua kazi hiyo: ukichukua video ya mwaka 2005 ukaichomeka kwenye televisheni ya leo, mara nyingi unapata kioo cheusi na maandishi ya Kifaransa kwamba faili halitambuliki. Papa Sylvestre anaipitisha kwenye programu yake, anasubiri, inatoka ikionekana. Hilo neno "anasubiri" nimeliandika kwa heshima tu. Kwa kweli anazunguka chumba akitaja asilimia kwa sauti, na umeme ukikatika kwenye quatre-vingt-dix-neuf, yaani tisini na tisa, sisi wengine tunakumbuka kwamba tuna kazi uani.

Wateja wake wa nje ni wengi. Familia moja ya Mambasa ilimletea video ya harusi, naye kwa haraka zake akaiacha picha ya zamani, iliyo nyembamba, ivutwe hadi ijaze kioo kipana. Kila mtu akanenepa. Alipogundua kosa lake aliona aibu, akairudia kazi yote na kuwapelekea nakala sahihi. Wiki moja baadaye mama mzazi wa bwana harusi alikuja mlangoni kwetu amekasirika: "Juu ya nini mumekondesha bibi-arusi yetu?" Ikabidi warudishiwe ile nene. Mpaka leo ndiyo wanayowaonyesha wageni.

Kosa lake la pili halina kicheko. Mwenyewe ameniomba niliandike, la sivyo hatakaa kwenye kiti cha mgeni wa heshima.

Mwaka 2014 disiki yetu kubwa ilijaa. Papa Sylvestre alibadilisha vipindi tisa vya zamani ili vichukue nafasi ndogo, akatazama mwanzo wa kila kimoja bila kuwasha spika, akaona picha ni safi, akafuta vya asili. Hakukumbuka kwamba siku iliyotangulia alikuwa ametayarisha picha za kupita chini ya matangazo ya vifo, ambazo hazihitaji sauti kwa kuwa msomaji husoma mwenyewe moja kwa moja hewani, na kwa hiyo programu ilikuwa bado imewekwa itoe video bila sauti. Vipindi vyote tisa vikawa bubu.

Katika kimojawapo, cha mwaka 2007, mama mmoja muuza unga wa muhogo kutoka Bogoro alikuwa akihojiwa sokoni. Mama huyo alifariki mwaka uliofuata. Binti yake ni Honorine, ambaye nyote mnamjua, maana ndiye anayewapokea mlangoni kwetu. Familia yao ilikimbia vita mara mbili, na haikubaki na picha hata moja. Honorine alipokuja kuomba nakala, alipewa mama anayefungua na kufunga mdomo. Watoto wake wamekua wakimjua nyanya yao hivyo. Yeye hakuwahi kumsema vibaya Papa Sylvestre. Kila asubuhi anamwekea chai mezani, na nadhani hiyo chai ndiyo iliyomsumbua zaidi. Siku moja mzee aliniambia: "Nilimunyang'anya mama yake mara ya pili." Tangu hapo hafuti faili lolote kabla ya kutazama nakala mpaka sekunde ya mwisho.

Tumaini lilibaki moja. Aliyemhoji yule mama ni Jean-Luc, mwandishi wetu wa zamani aliyehamia Kisangani, na huenda video ghafi ya mahojiano, ile ya kabla ya kukatwa, ilikuwa imebaki mahali. Lakini iliitwaje? Hapo inabidi niwaumbue wenzangu, na mimi nikiwemo. Enzi zile kila mwisho wa mwezi mkuu wetu wa ufundi alikuwa akisafisha disiki, na kitu kimoja tu hakuthubutu kukigusa, yaani ibada. Kwa hiyo kila mtu alilibatiza faili lake "Misa". Mpira wa miguu, Misa. Sikukuu ya kuzaliwa ya mtoto wangu, Misa. Papa Sylvestre alipompigia Jean-Luc simu, jibu lilikuwa: "Mi niliita yote Misa, Papa, sawa kila mutu."

Misa ziko mia tatu na arobaini. Zinafunguka kwenye kompyuta moja tu, nzee, inayozimika ikipata joto, na hakuna kati yetu aliyejifunza kuibembeleza. Akiondoka kabla hazijabadilishwa, zimekwisha. Ndiyo maana tangu Januari anazibadilisha moja baada ya nyingine na kuzitazama zote. Asubuhi hii alikuwa amemaliza mia tatu na sita. Katika hizo, za kweli zilikuwa kumi na mbili.

Hapo juu niliacha kuandika saa nne. Sasa ni saa tisa, na Mkurugenzi amekwisha kunitumia ujumbe mara tatu. Nilinyanyuka kwa sababu nyayo nyuma yangu zilikuwa zimenyamaza. Nikamkuta Papa Sylvestre ameketi, jambo ambalo sikulizoea, mbele ya Misa ya mia tatu na kumi na moja. Sokoni kulikuwa na kelele, kisha sauti ya mwanamke ikapita juu ya kelele zote: "Weye na kamera yako, toka apo, uko unazibia batu njia."

Nilikwenda kumwita Honorine. Alisikiliza amesimama, mkono kwenye kitasa. Alicheka kwanza. "Ni yeye kabisa," alisema, "alikuwa anatugombeza ivi ivi." Halafu akalia, na Papa Sylvestre akalia, na mimi siwezi kusema nilikuwa naangalia ukutani. Mahojiano yote ni dakika nane, na sauti ipo mpaka mwisho. Tulihakikisha mara mbili.

Zimebaki Misa ishirini na tisa, na amesema Jumatatu atarudi kuzimaliza, mstaafu au si mstaafu.

Papa Sylvestre, aksanti kwa miaka ishirini na moja. Tunakuombea siku nyingi na njema kwako Mahagi, pamoja na kiti utakachokubali kukikalia. Hotuba yako ya Ijumaa tunajua umeiandaa, lakini itabidi ingoje kidogo. Watoto wa Honorine watakuwa mstari wa mbele, na atakayeanza kusema ni nyanya yao.