Mtu na Dada Yake Walivyotuacha Ukumbini

Benchi la kijiwe hiki lina miguu mitatu na tofali. Limeegemea ukuta wa kibanda cha fundi cherehani, na wanaolikalia hutoa hukumu kwanza. Ushahidi hufuata baadaye, ukipenda. Yupo Katibu, karani mstaafu ambaye hajawahi kuwa katibu wa chochote, ila kalamu haimtoki mfukoni. Yupo Spika, fundi redio, anayepaza sauti utadhani anashindana na redio zote zilizomshinda kutengeneza. Yupo Daktari, ambaye kazi yake hospitalini ni kusukuma vitanda vya wagonjwa, lakini ukimwambia kichwa kinakuuma atakuandikia dawa kwenye kiganja chako. Kahawa ni ya Birika, mtu wa maneno machache, kwani muuza kahawa hachagui upande. Na mlangoni, nusu ndani nusu nje, mguu kwenye pedeli ya cherehani, yupo mwenye kibanda, Fundi Futi, aliyepewa jina hilo kwa sababu ya futi ya kupimia isiyobanduka shingoni mwake. Yeye hukaa nao kwa kuwa ukuta ni wake. Kuwaheshimu ni habari nyingine.

Asubuhi hiyo kesi ilikuwa ya Mtu na Dada Yake. Hawa ni ndugu wa tumbo moja, wazaliwa wa mtaa huuhuu, na kwa miaka ishirini na minane wameimba na kuchekesha pamoja. Kaka hupiga gitaa na kununa. Dada huimba na kumkera. Jina walipewa na mshereheshaji wa harusi aliyesahau kuwauliza wanaitwaje, akatangaza tu, "Na sasa tunawaletea mtu na dada yake!" Basi kaka akawa Mtu, dada akawa Dada, ingawa yeye ndiye aliyetangulia kuzaliwa, na jambo hilo amelilalamikia jukwaani kila onyesho.

Harusini hapohapo ndipo kazi yao ilipopatikana, tena kwa kosa. Walikuwa wakiimba "Mgeni Haondoki", Dada akausahau ubeti wa tatu. Akasimama, akamgeukia ndugu yake, akauliza kwa sauti ileile ya wimbo: "Kaka, mbele kuna nini?" Naye Mtu, kwa hasira ya kweli kabisa, akajibu: "Kuna ubeti wa tatu, we kichwa maji!" Watu walicheka hadi bibi harusi akatokwa na wanja. Tangu siku hiyo Dada akawa anausahau ubeti huo kila mara, mahali palepale: redioni, majukwaani, mpaka kwenye tangazo la sabuni.

Sasa, Jumamosi mchana walikuja ukumbi wa mtaani. Dada akauliza mbele kuna nini, Mtu akamjibu. Akauliza tena. Akajibiwa. Akauliza mara ya tatu, na ya nne, watu wako hoi, wengine wamelala chini kwa kicheko. Ndipo Mtu akaliweka gitaa sakafuni, akamshika mkono, wakatoka kwa mlango wa pembeni. Hawakurudi. Watu walikaa robo saa wakipiga makofi kwa jukwaa tupu.

— Dharau! Spika alifungua kikao. Kuacha wimbo katikati! Mimi hata redio mbovu siiachi katikati.

— Redio yangu unayo tangu mwaka juzi, Birika alisema, akammiminia.

— Hiyo iko njiani, bwana. Tunazungumzia dharau hapa.

Katibu akakohoa, kile kikohozi chake cha kufungua faili.

— Jamani, tusiende kwa jazba. Suala hili ni la kiutawala. Ni jina. Dada ni mkubwa, lakini kwenye mabango ameandikwa wa pili. Wahenga walisema mkubwa ni jalala, maana yake mkubwa lazima aandikwe juu.

— Maana yake siyo hiyo, Katibu, Spika alisema.

— We uliwahi kufanya kazi ofisini?

— Hapana.

— Basi kunywa kahawa.

Fundi Futi alikanyaga pedeli kwa nguvu ili cherehani impigie kelele. Alikuwa akipinda gauni la buluu, na kila alipolitazama moyo ulimuuma. Lilikuwa gauni la Dada. Amewashonea ndugu hao miaka kumi na tisa, suruali za Mtu zilizoimarishwa makalioni kwa ajili ya kuanguka jukwaani, magauni ya Dada yenye mfuko wa siri wa kitambaa cha kufutia jasho. Miezi miwili iliyopita Dada alikuja kupimwa. Baada ya siku tatu akarudi: "Fundi, nimekuja unipime." Fundi akacheka, akampima tena, kwani mchekeshaji ni mchekeshaji. Jioni ileile akarudi: "Fundi, nimekuja unipime." Hapo alicheka hadi akajichoma pini. Dada hakucheka. Alinyoosha mikono tu, akasubiri futi.

Jana Mtu mwenyewe alikuja, akakaa kwenye kigoda cha wateja, akamweleza. Madaktari wa kweli wameshasema. Ni maradhi ya kusahau, na hayarudi nyuma. "Miaka yote hii tunaigiza, Fundi," alisema. "Jumamosi nilimwangalia macho, nikajua haigizi tena. Watu wakimcheka kwa sababu amewachekesha, hiyo ni kazi yetu. Wasije wakamcheka kwa ugonjwa. Usiwaambie hao wa benchini." Fundi aliapa. Na kuapa ni rahisi siku ambayo benchi ni tupu.

— Nyie mnahangaika bure, Spika alisema, akisogeza kikombe pembeni ili apate nafasi ya mikono. Hili ni la kitaalamu. Yule dada haimbi. Hajawahi kuimba. Ile ni kanda!

— Kanda gani tena? Katibu aliuliza.

— Kanda, bwana! Sauti imerekodiwa zamani, inachezwa nyuma ya pazia. Jumamosi kanda ikanasa. Kanda ikinasa inafanyaje? Inarudia palepale! "Mbele kuna nini, mbele kuna nini, mbele kuna nini!" Mara nne! Mnataka ushahidi gani mwingine?

— Na mdomo wake uliokuwa ukitembea?

— Mdomo ni mazoezi.

Katibu aliandika "kanda" kwenye kiganja, akapiga mstari chini yake. Daktari alikuwa amenyamaza muda wote huo, na kunyamaza kwa Daktari ni mimba. Lazima kuzae kitu.

— Nyote mmepotea, alisema polepole. Yule wa Jumamosi siyo yeye.

— Siyo nani?

— Siyo Dada. Dada wa kweli yuko ng'ambo, ameolewa, ana maisha yake. Huyu wamemkodi. Ndiyo maana wimbo haujui! Nilikaa safu ya tatu, nikamwangalia sikio. Sura inabadilika, unene unabadilika, sikio la mtu halibadiliki. Lile sikio silifahamu.

— Ukiona vyaelea, vimeundwa, Katibu aliafiki. Maana yake ni bandia.

— Hasa!

— Na kaka mtu je? Naye wa kukodi?

— Kaka ni halisi. Kile kinuno hakikodishwi.

Wakacheka, wakagongana mabega. Fundi alikasirika. Watu wazima watatu, hakuna hata mmoja aliyewahi kumchekesha mtu kwa makusudi, wamekaa kwenye tofali wanamhukumu mwanamke aliyewachekesha tangu wana meno yote. Sentensi moja tu ingewafunga midomo. Alikuwa nayo ulimini. Aliimeza, ikashuka kwa tabu.

— Ushahidi upo, Daktari aliendelea. Twendeni kwao sasa hivi. Nyumba ya sita hapo, ile ya mlango wa kijani. Tunabisha hodi, tunasema tumekuja kumjulia hali, mimi naangalia sikio.

— Twende! Spika alishasimama. Mficha uchi hazai, leo lazima wazae!

— Nipate kwanza kalamu nyingine, Katibu alisema.

Cherehani ikanyamaza. Fundi aliwaona tayari kwenye mlango ule wa kijani, na Mtu akiwafungulia, na Dada nyuma yake akiuliza hawa ni akina nani. Akajikuta ameshatoka nje.

— Kaeni chini. Mnakwenda wapi?

— Ehee! Spika akamgeukia. Kumbe unasikia! Kikulacho ki nguoni mwako, Fundi, na nguo zao unashona wewe. Sema. Huyo dada ana nini?

Wote wakamkazia macho. Hata Birika alishusha birika lake chini. Akisema "sijui", wataondoka. Akisema kweli, amevunja kiapo chake na maneno yatafika sokoni kabla kahawa haijapoa. Alitafuta la kusema, akapata lililokuwa karibu.

— Ni maringo tu, alisema. Hapa dukani kwangu alisema mwenyewe. Amechoka kuchekesha watu wa mtaa. Eti hamna hadhi yake. Ile ya Jumamosi aliwafanyia kusudi.

Furaha ikawajaa. Walikaa chini wote kwa mpigo, benchi likalia.

— Si nilisema? Dharau! Neno langu la kwanza leo!

— Andika, Katibu. Maringo.

— Nimeandika. Nimefuta kanda.

— Mwanamke tumemlea wenyewe, tumempigia makofi sisi, leo hatuna hadhi yake! Mtoto umleavyo ndivyo anavyokukimbia.

— Basi akipita hapa na maigizo yake, Spika alisema, hakuna kumchekea kwa heshima tena. Tunampa dozi yake. Tunamwonyesha kwamba tumeshamjua.

— Dozi, Daktari aliitikia.

Fundi alirudi kwenye cherehani. Siri ilikuwa salama, naye alijiona mchafu. Amemlinda mwanamke asionekane mgonjwa kwa kumfanya mshenzi, na hakujua kama Mtu angemshukuru au angemtemea mate. Alijaribu kuendelea na upindo wa gauni. Uzi ulikatika mara mbili.

Hapo ndipo Dada alipotokea kwenye kona.

Alikuwa amevaa vizuri, nywele zimechanwa, mkoba mkononi. Ila vifungo vya blauzi vilikuwa vimekosana, kila kimoja kwenye tundu la jirani yake, na alitembea akiitazama milango ya nyumba mmoja baada ya mwingine. Alipolifikia benchi alisimama, akatabasamu.

— Habari za asubuhi, jamani.

— Nzuri, mheshimiwa! Spika aliitikia, akimkonyeza Katibu.

— Samahani, naomba kuuliza. Nyumba yetu ni ipi hapa?

Walitazamana nusu sekunde. Halafu Spika akapasuka.

— Iko kwenye ubeti wa tatu, we kichwa maji!

Mtaa mzima ulisikia kicheko hicho. Katibu alijipiga mapaja, Daktari aliinama akishika tumbo, Birika alimwaga kahawa.

— Anaringa mpaka na njia ya kwao!

— Eti hatuna hadhi yake, sasa hajui nyumba yake!

— Muulize na sikio lake kama liko hapo!

Fundi alinyanyuka, gauni la buluu likaanguka miguuni pake. Alitaka kuita "Acheni", akajizuia, kwa sababu kila walichokuwa wakikisema kilitoka kinywani mwake.

Miaka ishirini na minane, kicheko kikianza, Dada alikuwa akiinua kidevu na kusubiri kifike kileleni ndipo aongeze neno. Safari hii kidevu hakikuinuka. Alimtazama Spika, akamtazama Katibu, akageuka nyuma kuona kama kuna kitu nyuma yake. Hapakuwa na kitu.

— Mnacheka nini? aliuliza.

Wakacheka zaidi. Daktari ndiye wa kwanza kukatika. Aliinua kichwa kupumua, macho yake yakakutana na ya Dada, na macho ya namna hiyo huyasukuma kila siku kwenye vitanda vyenye magurudumu. Aliweka kikombe chini. Akamshika Katibu goti, Katibu akanyamaza. Spika alibaki akicheka peke yake, mpaka naye akasikia kwamba yuko peke yake.

Dada aliisubiri ile kelele iishe, kwa adabu ya mtu aliyezoea kuwapisha wengine wamalize. Kisha akasogea, akakaa ukingoni mwa benchi, akapakata mkoba wake, akawaangalia mmoja mmoja.

— Niambieni basi, alisema, na mimi nicheke.

Wote wakainamisha vichwa, na Fundi Futi akainamisha chake kuliko wote.