Tuliziba Matundu Yote

Benchi letu liko nje ya duka la saruji lililofungwa, pale barabara inapokata kwenda sokoni. Mimi fundi viatu nakaa mwisho wa benchi na sanduku langu la misumari, kwa hiyo nasikia yote, nitake nisitake. Wengine ni Kinyozi, ambaye banda lake halina wateja ila lina vioo vitatu. Spana, makanika mstaafu anayejua kila kitu isipokuwa kunyamaza. Na Dobi, anayewapigia pasi watu wa mtaa mzima. Birika la kahawa likiisha tunatawanyika. Msimu huu wa joto mada imekuwa moja tu: chumba cha mama yake Dobi. Mama amepooza upande mmoja, analala chumba cha nyuma, juu yake dari ya mbao nyembamba na bati, na mchana chumba kile hakiingiliki. Siku hiyo, jua likikaribia utosini, Dobi alikuja macho mekundu, hata salamu hakutoa.

Dobi: Jamani, daktari kaja jana. Kasema mama akiendelea kulala kwenye joto lile hatoboi. Leo lazima niamue naweka nini juu ya ile dari.

Kinyozi: Si tulishaweka trei za mayai?

Dobi: Panya wamehamia humo na familia zao.

Spana: Trei lilikuwa wazo la Kinyozi, isisahaulike. Mimi nilisema sponji. Zile kuukuu za viti vya magari. Joto likiingia kwenye sponji linapotea njia, linabaki linazungukazunguka humo humo.

Mimi: Wewe ulisema magunia, Spana.

Spana: Magunia ilikuwa kwa kuanzia.

Dobi: Na sponji niliweka, mzee wangu. Ukaniambia nisizioshe. Mama alikohoa siku tatu kwa harufu ya petroli, nikazitoa mwenyewe kwa mikono hii.

Spana alikoroga kahawa isiyo na sukari. Kumwambia mtu huyo kwamba amekosea ni kujitafutia kiu bure.

Kinyozi: Basi pumba za mpunga. Unamwaga juu ya dari mpaka zijae. Bure kabisa, pale mashineni wanazitupa.

Dobi: Na waya wa umeme unaopita humo?

Kinyozi: Utakata umeme.

Dobi: Na pasi zangu nitazichomeka wapi, kwako?

Spana: Sikiliza. Kuna ile pamba ya kioo, wanaweka kwenye majokofu makubwa. Nimefungua majokofu mimi. Ukiishika inawasha wiki nzima, lakini joto halipiti. Haliwezi. Nalo linawashwa, kama mkono wako.

Kinyozi: Joto linawashwa?

Spana: Ndiyo maana linarudi lilikotoka.

Nilicheka, halafu nikamwona Dobi hacheki, nikakimeza kicheko. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili na hajanywa.

Dobi: Mimi sielewi kitu kimoja. Tangu tuzibe yale matundu, joto limezidi.

Hapo inabidi nieleze, maana ujinga huu ni wetu sote. Juu ya ukuta, pale bati linapokutana na tofali, mjenzi huacha matundu ya hewa. Kijiwe chetu hiki cha benchi kilikaa, kikajadili, kikapitisha kwamba baridi ya usiku inatorokea pale. Tukaenda wote wanne na karatasi za mifuko ya saruji na udongo, tukaziba tundu moja baada ya jingine huku mama wa watu amelala anatutazama. Mimi ndiye niliyeshika ngazi. Tukapongezana kabisa, tukarudi kunywa kahawa.

Spana: Limezidi kwa sababu hatukuziba vizuri. Kuna tundu tumelisahau.

Kinyozi: Au tujenge paa juu ya paa. Jua likipiga la juu, la chini halina habari.

Spana: Kwa nini tupande juu? Tuchimbe. Chini ya ardhi kuna ubaridi. Tukishusha kitanda cha mama futi nne...

Dobi: Spana!

Kwa mara ya kwanza msimu mzima Spana alinyamaza.

Dobi: Kumshusha mama yangu futi nne chini, hujui huko ni kaburini? Mnanishauri nini nyie? Jana nimemfuta jasho shuka mbili zikalowa. Ananitazama tu. Mimi mwanawe wa pekee, nimeshindwa na bati.

Ndipo akaja dada mmoja, mshona nguo aliyehamia juzi mtaa wa pili, ndala mkononi imekatika mkanda. Akanipa, akasimama kusubiri, maana kwenye benchi hilo hakai mwanamke na hata yeye mgeni alishajua. Alikuwa amesikia.

Dada: Samahani kaka zangu. Huyo mama saa hizi yuko wapi?

Dobi: Kitandani.

Dada: Chini ya bati hilo hilo?

Dobi: Ndiyo, dada.

Dada: Mbona hapa mlipo kuna upepo mzuri hivi? Hamjamleta akakaa hapa mpaka jua lishuke?

Spana ndiye aliyejikaza kumjibu.

Spana: Hiki ni kijiwe cha wanaume, binti yangu. Mama wa watu atajisikia vibaya.

Dada: Mmemuuliza?

Dobi alimtazama Spana, Spana akanitazama mimi, mimi nikatazama sindano yangu. Nilijisikia mchafu. Msimu mzima tumempangia mama yule magunia, trei, sponji na shimo, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza neno.

Dada: Nyumba ni ipi? Nikamuulize.

Dobi alionyesha kwa kidole. Dada akaondoka, mguu mmoja una ndala, mmoja mtupu juu ya lami ya saa sita, akakunja kona. Sisi wanne tulibaki tumekaa.