Verna Tilghman na Kipande cha Konfleksi

Ijumaa tarehe 30 Mei, Bi. Verna Tilghman anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwatunza panya wa maabara yetu hapa Baltimore. Madaktari waliopita mikononi mwake ni kumi na wanne. Panya, hata yeye hajui idadi.

Alianza kwa kuosha vizimba. Haukupita muda akawa anatufundisha sisi wenye shahada namna ya kumshika panya bila kung'atwa, na ukikosea alikucheka waziwazi, kisha akakufunga bendeji. Asubuhi aligonga mlango kabla ya kuingia, eti si adabu kuwashtua wenyewe. Kazi ya siku ikiisha, kila panya alipewa kipande kimoja cha konfleksi, yale mahindi makavu ya kifungua kinywa.

Konfleksi hiyo ndiyo iliyotuumbua. Mwaka 2008 tulikuwa na dawa ya kuziba vipokezi vya dopamini, ile kemikali ya ubongo inayowasha hamu. Panya waliozoea kubonyeza kitufe ili wapate kokeini wakaacha kubonyeza. Mkuu wetu, Dokta Ostrander, aliagiza kaa wa kuchemsha debe zima ili tusherehekee, na ripoti ilikuwa itumwe Jumatatu. Verna hakula. Kaka yake, Wendell, alitekwa na kokeini tangu ujana, na hakuna aliyeitaka dawa ile kuliko Verna.

"Dokta, hawajaacha kokeini," alisema. "Wameacha kila kitu. Hata konfleksi hawaijii. Mimi Wendell simtaki wa kukaa tu kama gogo. Namtaka aje Jumapili, ale, abishane nami."

Ostrander alinuna siku tatu, kisha akapima upya. Kumbe kweli, dawa iliwazubaisha tu. Tukaanza tena, safari hii tukilenga aina moja tu ya vipokezi, na ilituchukua miaka sita mpaka panya walipokipita kitufe na kukimbilia mkono wa Verna wenye konfleksi. Siku hiyo Verna alilia, nami nililia, sioni haya kusema.

Dawa hiyo sasa inajaribiwa kwa watu. Haijafika madukani, na Wendell bado anaisubiri. Hilo linatuuma, Verna: unaondoka kabla hatujamaliza.

Asante kwa yote. Boksi la konfleksi tumelibakiza rafuni, na hatutasema dawa yoyote imefaulu kabla panya hawajaja kuchukua chao. Nenda salama, na Jumapili moja isiyo mbali, nyumba yako ijae ubishi.