Mlio wa Pikapu Nyeupe: Tunamuaga Fundi Andongwisye Mwakalobo

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Fundi Andongwisye Mwakalobo anastaafu baada ya kuutumikia Mradi wa Afya wa Mwambao kwa miaka thelathini na mmoja. Wengi wetu tulimkuta karakanani, na hatujui karakana bila yeye inafananaje.

Alizaliwa Busale, kwa wakulima wa mpunga. Ufundi aliuanzia bandarini Itungi, akisaidia kufungua mashine za boti, kisha akahamia kwenye magari kwa sababu, kama apendavyo kusema, gari likizimika unashuka na kwenda kwa miguu. Mradi ulipomwajiri ulikuwa na gari moja tu. Ndiye aliyelifikisha kila gari lililofuata mahali ambapo barabara inaishia na mitumbwi inaanza.

Yapo mengi ya kusimulia, lakini tukiulizana ofisini, wote tunaishia kwenye pikapu nyeupe na masika yale ya miaka michache iliyopita.

Mlio ulianza mbele, mzito, kama mtu anayegonga mlango kwa kifundo cha kidole. Uligonga gari lilipoingia shimoni au lilipokata kona taratibu. Dereva wetu Dickson aliusikia kulia. Muuguzi Adela, anayekaa pembeni yake, aliapa kuwa uko kushoto. Waliokaa nyuma waliusikia chini ya miguu yao. Siku moja Adela alirudi kutoka Matema na vyungu viwili vilivyofinyangwa na akina mama wa Ikombe, na mhasibu akadai kuwa kinachogonga ni vyungu. Ikabidi vipakatwe mapajani hadi Kyela mjini. Mlio ukaendelea na shughuli zake.

Fundi Andongwisye aliinua gari kwa jeki, akayatikisa magurudumu ya mbele moja baada ya jingine. Hayakucheza. Akabadilisha bushi, mlio ukatulia asubuhi, mchana ukarudi. Akabadilisha shokapu. Akakagua viungo vya usukani, akafunga vipya. Mlio ukabaki vilevile. Alikuwa akisimama katikati ya karakana na spana mkononi, amesahau alichokuwa anakiendea. Salamu za asubuhi alizijibu jioni.

Ndipo meneja wetu Deusdedit, mtu mpole ila mwenye haraka, alipofikia hitimisho lake. Ikiwa vyuma vyote vimebadilishwa, kilichobaki ni dereva. Akaamua kumnyang'anya Dickson ufunguo, kwamba analiendesha gari kwa fujo. Dickson aliuweka mezani kwa meneja. Alikaa nje ya karakana, chai yake ikapoa.

Fundi alipopata habari aliingia ofisini na grisi yake mikononi.

“Meneja, huu mlio sijauelewa,” alisema. “Na kama mimi fundi sijauelewa, tusimhukumu Dickson kwa ajili yake.”

“Sasa tufanye nini, baba? Kesho wauguzi wanakwenda Busale kuchanja.”

“Waende na gari jingine, hata wakibanana. Hili lisitoke.”

“Na ukikuta halina kitu?”

“Nitakuwa nimewabananisha bure. Nitawaomba radhi mmoja mmoja.”

Meneja akakubali, shingo upande. Ufunguo wa Dickson ulibaki mezani.

Usiku ule mvua ilinyesha kama inavyojua kunyesha Kyela, na asubuhi ua wa karakana ulikuwa tope tupu. Jeki iliyowekwa chini ya chasisi, mahali pake pa kila siku, ikaanza kuzama. Fundi na mwenzake Asifiwe wakatafuta ubao, wakaihamishia karibu na gurudumu la kushoto, chini ya ule mkono wa chuma unaolibeba gurudumu. Walitaka tu kulitoa tairi. Fundi alipolishika, likagonga.

“Asifiwe, umesikia?”

“Nimesikia. Lakini jana si tulilitikisa likanyamaza?”

Wakatazamana. Wakairudisha jeki kwenye chasisi juu ya ubao: kimya. Wakaihamishia tena chini ya mkono: likagonga. Hali hiyo iliwachanganya kuliko mlio wenyewe, hadi Fundi alipokaa chini, suruali ndani ya tope, akaitazama springi. Jeki ikiwa kwenye chasisi, springi inaendelea kuusukuma mkono chini, na kiungo kilicholegea kinabanwa hadi kionekane kizima. Jeki ikiwa chini ya mkono, mzigo unaondoka na ulegevu unajitokeza. Ilikuwa boljointi ya chini, kile kiungo chenye kichwa cha mviringo kinachounganisha mkono na gurudumu. Walipoifungua, ilikuwa karibu kuchomoka kwenye kikombe chake. Ingechomoka njiani, gurudumu lingelala ubavu na usukani usingekuwa na kazi tena.

Fundi aliipeleka ofisini ikiwa ndani ya kitambaa. “Siku zote hizi nilikuwa napima vibaya,” alimwambia meneja. “Tope ndilo limenionyesha.”

Deusdedit aliishika, akaizungusha, akachukua ufunguo mezani, akatoka nao. Mbele yetu sote alimwambia Dickson, “Nilikukosea, ndugu yangu. Nisamehe.” Dickson aliupokea kwa mikono miwili. Kwa nini yeye aliusikia mlio kulia, hakuna ajuaye hadi leo. Fundi anasema chuma hupeleka sauti kinakotaka.

Tangu siku ile, kila gari letu hupimwa kwa namna zote mbili, na Asifiwe, anayeichukua karakana, anawafundisha hivyo mafundi wapya.

Fundi anarudi Busale kwenye kakao yake. Mkewe, Mama Tusajigwe, alitutembelea wiki hii akatuambia kuwa naye amechanganyikiwa: miaka yote hii mchana amekula peke yake, na sasa hajui apime mchele kiasi gani. Tukamwambia apime mwingi.

Ndaga fijo, yaani asante sana, Fundi Andongwisye. Asante kwa kila safari tuliyofika salama bila kujua kwa nini. Mungu akupe siku ndefu zenye afya, na kila adhuhuri ikukute nyumbani, umeketi, chakula kikiwa cha moto.