Sufuri Nayo Huandikwa

Mheshimiwa chifu wetu, Kgosi Mmolawa. Mwalimu Mkuu Mma Ntsima, uliyetuazima ukumbi huu leo na umeme wa kompyuta yetu kwa miaka mitatu. Mzee wetu Rra Seitshiro, tunayekuaga. Mama yangu, na Mjomba Kesegofetse uliyeamka alfajiri kutoka Machaneng. Ndugu wapima mvua wote, ambao wengi wenu nilizijua namba zenu za asubuhi kabla sijazijua nyuso zenu: nawasalimu kwa jina la mvua. Pula!

Asanteni. Mmeitikia vizuri sana kwa watu ambao hawajaona tone la mvua tangu Aprili.

Jina langu ni Tshenolo Rantao, nafundisha jiografia katika sekondari ya ng'ambo ya reli hapa Mahalapye. Nimeombwa nizungumze kwa niaba ya Kijiwe cha Mvua, siku tunapomuaga mtu aliyekitunza kitabu chetu kwa miaka ishirini na miwili. Ratiba mliyogawiwa mlangoni inasema kwamba nikimaliza nitakipokea kitabu hicho kutoka mikononi mwake. Ratiba ina haraka. Mwezi wa sita Rra Seitshiro aliniuliza swali moja, akasema hatanipa kitabu kabla sijamjibu, na hadi jana jioni nilikuwa sijamjibu. Nitafika huko. Naomba mnivumilie, maana mimi si mtu wa njia fupi.

Wengi wenu mnajua kwamba kabla ya kijiwe hiki nilikuwa na ukurasa kwenye ule mtandao mkubwa, ambao sina haja ya kuutaja jina kwa kuwa nusu ya waliomo humu wanao mfukoni sasa hivi. Sikuja kuutukana. Dada yangu alipata kazi huko, na hata leo nikitaka kujua nani kaolewa, namuuliza yeye. Lakini nitawaambia yaliyonipata mimi. Nilikuwa nikipiga picha za mawingu na kuandika habari za hali ya hewa, na watu walipenda, wakaongezeka mpaka wakafika elfu themanini na tatu. Mnaweza kuwaza watu elfu themanini na tatu? Mimi sikuweza. Nilichoweza ni kuwahesabu kila nilipoamka, kabla sijanawa uso.

Huko nilijifunza jambo moja kuhusu lugha. Ukiandika "huenda mvua ikanyesha", watu arobaini wanakupa mioyo. Ukiandika "mvua inakuja", wanakupa watu elfu nne. Je, mimi niliamua siku moja kuwa mwongo? Hapana. Nilikuwa nafuta neno moja tu, kila mara lilelile, na kila nilipolifuta nilihisi nimeandika vizuri zaidi.

Mwezi wa kumi, miaka minne iliyopita, niliandika hivi: "Mvua kubwa inakuja, kuanzia Serowe hadi Machaneng. Mwenye mbegu apande." Nilikuwa nimeziona ramani, na ramani zilisema huenda. Mioyo ilifika elfu kumi na moja kabla ya chakula cha jioni. Na huko Machaneng kuna mtu ambaye hakuwa na ukurasa wala hakuwa anautaka, akasomewa maneno yale na jirani, akasema, "Huyo ni mtoto wa dada yangu, amesoma," akafunga plau, akapanda mtama na kunde zote kwenye vumbi.

Mjomba, naona unatikisa kichwa. Ulinilea, hutanizuia kusema.

Mvua haikunyesha. Mbegu zililiwa na kanga. Habari nilizipata kwa mama kwenye simu, akinieleza kama mtu anayeeleza habari za jirani. Nikafanya nini? Niliifuta ile posti, nikaweka picha nyingine ya wingu. Kulikuwa na watu walionitukana, na matusi yao niliyasoma yote. Lakini kilichonitisha ni kwamba siku ya nne hata hao wa kutukana walikuwa wameondoka, wamehamia kwa mwingine. Elfu themanini na tatu, na hakuna aliyebaki hata wa kunikasirikia. Nilinyamaza. Ukurasa nikauacha kama ulivyo, nikarudi nyumbani kufundisha.

Ndipo nilipoenda kwa Rra Seitshiro kuomba namba za mvua za miaka ya nyuma kwa ajili ya darasa langu. Kwa wasiomjua: huyu alikuwa karani wa stesheni, na reli ilipoacha kupima mvua yeye hakuacha. Aliihamishia kazi uani kwake, akawashawishi marafiki, na marafiki wakawa wanamtumia ujumbe kila asubuhi naye anaandika kitabuni. Nilimkuta anakula maandazi ya magwinya na chai. Namba hakunipa. Alinipa kipimamvua, lile bomba la plastiki lenye mistari, akasema, "Kapime kwanza. Ukishapima ndipo utajua cha kuuliza."

Mwaka huohuo Mma Ntsima alitutafutia kompyuta iliyowekwa kwenye stoo ya walimu, tukafungua kijiwe chetu mtandaoni. Watu sitini na mmoja. Hakuna mioyo, hakuna kuhesabu wafuasi, na ujumbe unakaa kwa mpangilio ule ule uliofika. Ukitaka kumsifu mtu, umwandikie kwa maneno. Kila siku saa moja asubuhi unatoka, unasoma bomba, unaandika namba, na baada ya namba unaandika neno moja: nimeangalia.

Nami nilianza kwa kishindo. Mvua ya kwanza niliandika milimita kumi na mbili nukta tano, nikaweka picha tatu na aya ndefu juu ya harufu ya udongo. Kisha nikakaa kimya wiki tatu. Siku moja Rra Seitshiro akanipigia simu.

"Binti, umekufa?"

"Hapana, Rra."

"Unaumwa?"

"Hapana, Rra. Niko mzima."

"Basi kwako kuna nini?"

"Hakuna kitu, Rra. Hakujanyesha."

"Aa! Hicho hasa ndicho tunachokitaka. Mbona unakificha?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Aliniambia kwamba kitabuni nafasi tupu na sufuri si ndugu. Nafasi tupu inasema hatujui: labda ilinyesha, labda mpimaji amelala, labda amehama. Sufuri inasema kuna mtu aliamka, akavaa viatu, akatembea hadi kwenye kigingi, akatazama. "Mvua inajipigia kelele yenyewe kwenye bati," alisema. "Wewe tunakuhitaji siku ambazo haipo."

Ndugu zangu, mimi nina shahada, na nilikuwa nimeishi miaka mitano mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kunitaka siku ambayo sina kitu. Kesho yake nikaandika: sufuri, nimeangalia. Akajibu Mma Galeboe wa Shoshong, ambaye sikuwa namjua: "Karibu, mwanangu. Na huku vilevile."

Mma Galeboe yuko pale, amevaa kitambaa cha kijani. Simama wakuone, Mma. Hataki kusimama kwa sababu anajua ninachotaka kusema. Asubuhi moja ya Agosti, nchi nzima ikiwa kavu kama unga, Mma Galeboe aliandika milimita tisa, nimeangalia. Mnajua kule kwingine tungefanya nini? Mimi mwenyewe ningepiga picha ya ujumbe ule, ningeongeza neno moja la kejeli, na kufikia mchana mjane wa miaka sabini angekuwa kichekesho cha watu wa nchi tatu. Rra Seitshiro aliandika tu, "Mma, naomba ukatazame tena, taratibu." Nusu saa tukasubiri. Kisha jibu likaja: "Jana nilikiosha, nikasahau kumwaga. Povu la sabuni bado limo." Tukacheka, naye akacheka kabla yetu, na tangu siku hiyo anaitwa Mma Povu.

Anasema hapo, "Bora povu langu kuliko aya zako za udongo." Ni kweli, Mma. Nimenyooshwa.

Hayo ndiyo maisha yangu siku hizi, na nikiulizwa kama yananitosha nasema yananitosha, ingawa nisijifanye mtakatifu. Mwaka wa kwanza mkono ulikuwa unaingia mfukoni wenyewe. Wakati mwingine napata sentensi nzuri, na hakuna wa kuipeleka, inakaa kichwani mpaka inachoka. Lakini sasa nina vijiwe vitatu vidogo: hiki, cha wanawake saba tunaosoma kitabu kimoja kwa miezi mitatu na kugombana juu yake, na cha wafuga nyuki, ambako sina hata mzinga, wananivumilia tu. Najua kwamba namba ya Palapye ikichelewa, goti la mpimaji limeanza tena. Najua nani anatia chumvi na nani anapunguza. Na kuna watu sitini wanaojua kama nimeamka. Nikiwatajia wanafunzi wangu hiyo sitini, wananionea huruma.

Sasa nifike kwenye swali.

Mwezi wa sita Rra Seitshiro alinipa vitabu vya zamani nivinakili kwenye kompyuta. Vitabu kumi na tisa vya karatasi. Nilikuwa naenda haraka, mwaka baada ya mwaka, mpaka nikafika mwezi wa kumi wa mwaka ule wa mbegu. Safu ya Machaneng. Mpimaji: K. Moatlhodi. Ndugu zangu, sikuwa najua. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mjomba wangu alikuwa mpimaji, tena wa miaka tisa, kabla kijiwe hakijahamia mtandaoni. Siku iliyofuata posti yangu: sufuri, nimeangalia. Kesho yake: sufuri, nimeangalia. Nikahesabu. Thelathini na saba. Siku thelathini na saba mfululizo aliamka, akapita kando ya shamba lile, akatazama ndani ya bomba, akaandika. Hakuongeza neno. Hakuandika jina langu.

Nilimpigia simu mchana uleule.

"Mjomba, mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Niliandika."

"Hukuniandikia mimi."

"Niliandika palipoulizwa. Wewe ulikuwa huulizi, ulikuwa unatangaza."

"Ulinikasirikia?"

"Niliwakasirikia kanga," akasema. "Wewe nilikuwa nakungoja."

Nilipomrudishia Rra Seitshiro kitabu kile, macho yalikuwa mekundu, naye hakuuliza kwa nini. Alikuwa anaijua safu ile miaka yote. Aliuliza jambo jingine. "Ukurasa wako wa kule, mlango umeufunga au umeurudishia tu?"

Na huko ndiko nilikobanwa, kwa sababu nilikuwa nimeurudishia. Ukurasa ulikuwa bado uko, na watu wale elfu themanini na tatu, wengi wao walikuwa bado wamo, hawajui hata kwamba wamo. Na mwezi uleule kampuni moja ya mbegu ilikuwa imeniandikia: rudi, tutaweka nembo yetu pembeni, tutakupa gari, wewe utawaambia watu lini wapande. Walitaka jibu kabla ya mwezi huu wa tisa kwisha. Nilijiambia naweza kufanya yote mawili: asubuhi niandike sufuri hapa, jioni nitangaze kule. Nilijiambia kwamba safari hii "huenda" sitaifuta. Nilijiambia mengi, nina kichwa kinachojua kujitetea. Lakini kila nilipoiwazia posti ya kwanza, ilianza vilevile: Mvua inakuja.

Rra Seitshiro, unastaafu ukiwa na miaka sabini na nane. Unatuachia maelfu ya mistari kwa mwandiko wa karani wa stesheni, na zaidi ya nusu ya mistari hiyo ni sufuri. Kuna mtu mwingine katika wilaya hii aliyefanya kazi ya namna hiyo? Aliyehesabu kisichokuja kwa miaka ishirini na miwili bila kuchoka na bila kutia chumvi? Wewe hukuwahi kututabiria mvua hata siku moja. Kazi yako ilikuwa kututazamisha. Mwanamke huyu mnayemwona alijengwa upya uani kwako, kwa chai na simu moja ya ukali, na hakuna hotuba itakayokutosha.

Basi, nakujibu mbele ya Kgosi na mbele ya mjomba wangu. Jana jioni niliwaandikia watu wa mbegu, nikawashukuru, nikakataa. Kisha nikafungua ukurasa ule kwa mara ya mwisho. Niliandika sentensi moja ambayo nilipaswa kuiandika miaka minne iliyopita: "Niliwaambia mvua inakuja, nilikuwa sijui, na watu walipanda." Nikaiacha hapo usiku kucha ili mwenye kusoma asome. Leo asubuhi watu sita walikuwa wameijibu. Mmoja aliniuliza mimi ni nani. Nikaufuta ukurasa wote, nikavaa viatu, nikatoka uani.

Nimefunga, Rra. Sikurudishia.

Mjomba, mbegu zako sina namna ya kukurudishia. Ila mstari wa kwanza wa kitabu kipya nitauandika hapa, sasa, na naomba uje usimame karibu yangu nikiuandika, maana zile thelathini na saba uliziandika peke yako. Mahalapye, Jumamosi, saa moja asubuhi. Sufuri. Nimeangalia.

Mmenipa masikio yenu kwa muda mrefu, na huko nje nyama ya seswaa inapoa. Nawashukuru sana kwa kunisikiliza. Pula!