Historia ya Dada Ijumaa, Aliyewaandaa Wenzake kwa Kazi

Ndugu waombolezaji, maneno haya ameyaandika mama mzazi wa marehemu, mimi mdogo wa marehemu namsomea tu, kwa kuwa amesema sauti haitamtoka.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1984, katika nyumba yetu ya vyumba viwili nyuma ya gereji, akiwa kifungua mimba wa fundi cherehani na dereva wa lori, akamaliza shule ya msingi mwaka 1997, sekondari mwaka 2003, akahitimu shahada ya sosholojia mwaka 2007 na uzamili mwaka 2010, na mwaka 2012 akaanza uzamivu, ambao hakuumaliza.

Septemba 2014 idara yake chuoni ilimkabidhi kazi ya kuwaandaa wanafunzi wa uzamili na uzamivu kwa ajira, kila Ijumaa mchana, katika chumba cha juu ya maktaba chenye feni ya kelele, akiwafundisha kuandika wasifu, kuomba kazi nje ya chuo na kueleza utafiti wao kwa mtu asiyesoma sosholojia, akiwahoji kama mwajiri mkali, hata mmoja wao kwa kiwewe akajibu swali ambalo hajaulizwa, nao wakambandika jina la Dada Ijumaa.

Aliolewa Juni 2011 na fundi wa lifti, wakaachana mwaka 2017 bila kutupiana maneno, na ameacha binti mmoja, yuko darasa la nne.

Mama yake kazi ile hakuielewa, alichoona ni mwanawe kuwavusha wengine na yeye kubaki palepale, hivyo majirani walipouliza aliwajibu kwamba ameshapata udaktari wa chuo kikuu, na Aprili 2019, marehemu alipowaleta wanafunzi nyumbani wamweleze mama utafiti wao, mmoja akamwita dada, mama akamkatiza mbele ya majirani kwamba huyo ni Daktari, wanafunzi wakatazama sakafu, na walipoondoka marehemu akasema taratibu, "Mama, hawa nawafundisha kusimama mbele ya watu na kusema walipofika. Sasa mimi nitasimamaje?" Mama akaendelea kushona, na kwa majirani hakusahihisha neno.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021, hata kitandani akiendelea kuwahoji wanafunzi kwa simu, akafariki Jumanne, tarehe 7 Februari 2023, mama akiwa amemshika mguu.

Jana seremala alileta kibao cha kaburi chenye "Dkt." mbele ya jina, kama mama alivyoagiza, wanafunzi wakakisoma, na leo alfajiri mama amelikwangua neno hilo kwa kisu cha jikoni, alama mtaiona, msimlaumu seremala.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake na wanafunzi wake waliobeba viti tangu juzi, na ninyi majirani, mliodanganywa miaka yote hiyo na bado mmekuja kutupikia.

Mwanetu, pumzika sasa kwa amani.