Levina Ameshuka Treni

Asubuhi hiyo dele la Shamila, mama muuza kahawa wetu, lilikuwa limejaa, na kahawa ilikuwa inapoa vikombeni. Kijiwe chetu kiko Kitete, kibarazani kwa Mabruki, fundi cherehani tunayemwita Profesa. Kashindye, mleta habari tunayemwita Redio, alikuwa amekuja mbio kutoka stesheni, kandambili mkononi.

— Levina wa mzee Prosperi ameshuka treni! Yuko na dada yake, Rustika.

— Levina marehemu? Shamila akauliza.

— Huyo huyo!

— Astaghfirullah! Si tulikaa matanga kwao mwaka juzi?

— Msukule huyo, akasema Profesa. Rustika anafanya kazi na Wazungu, wana mitambo.

— Mitambo gani? Rustika ni mtu wa sera, Redio akamkatiza. Hifadhi ya jamii kwa wahamiaji. Miaka kumi anaandika makaratasi ili mtu akienda kutafuta kazi ugenini asipotee hivi hivi.

— Karatasi haifufui mtu! Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Methali hiyo imeingiaje hapa, Profesa?

— Ameinama kaburini, akamvuta!

— Acha masihara, Redio akasema. Mzee Prosperi kanisimulia pale stesheni huku analia. Levina alikwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani. Wakala akampa pasi ya kusafiria yenye jina la mtu mwingine. Ndiyo maana kila alipotafutwa hakuonekana.

— Sasa Rustika kampataje?

— Alipigania kipengele kimoja cha sera: wanawake wanaokimbia mateso kwa waajiri waulizwe jina walilopewa na mama zao, na kijiji walichozaliwa. Wenzake wakamcheka, lakini kikapita. Mwezi jana orodha ya kwanza ya wanawake hao ikafika mezani kwake. Akasoma: Levina, Ulyankulu. Akaanguka na kiti chake.

Habari hiyo tuliijadili mpaka dele likaisha.

Ndipo tukawaona wanakuja kutoka kwa mzee Prosperi, Rustika kamshika mdogo wake kiwiko. Levina amekonda, mkono mmoja una kovu la moto mpaka kwenye vidole.

— Shikamooni, Levina akasema.

— Marahaba, Shamila akajibu peke yake. Pole, mwanangu. Karibu nyumbani.

Levina hakukaa.

— Nilimtafuta mama pale stesheni sikumwona. Wamenificha mpaka tumefika mlangoni. Kumbe alikufa wiki moja baada ya matanga yangu.

Akatutazama mmoja mmoja.

— Nani aliwaambia nimekufa?

Tukatazamana. Habari ile kila mmoja wetu aliisikia hapa hapa kijiweni, kutoka kwa mwenzake.